UZI: Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli Julai hii. Klabu tunajiandaa, na siku ya pili ndiyo inayoninyima usingizi

Pedeli_Moja (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Tuna klabu yetu ya baiskeli hapa Tabora mjini, wengi wetu ni wa Ng'ambo, Isevya na Cheyo. Kuna walimu, wauza duka, mafundi, bodaboda waliochoka kukaa juu ya injini, na kina dada ambao kusema kweli ndio wanaotutoa jasho. Mwezi wa saba tunataka kupiga Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza hadi Kigoma mwisho wa reli. Ni zaidi ya kilomita 400, tumezigawa kwa siku nne. Kurudi ni treni, baiskeli zinaingia behewa la mizigo.

Mgawanyo wetu uko hivi: siku ya kwanza tunalala Kaliua, kama kilomita 125. Siku ya pili Kaliua hadi Nguruka, nayo inakaribia hapo hapo. Siku ya tatu tunavuka Malagarasi tunalala Uvinza. Siku ya nne Uvinza hadi Kigoma, mia hivi.

Sasa nieleze kinachonisumbua. Kila mtu kwenye klabu anajiandaa kwa siku ya kwanza. Jumapili tunatoka, tunakimbizana barabara ya Sikonge, tunarudi tunasifiana, basi. Siku ya kwanza haina shida: umelala kwako, umekula ugali wa nyumbani, ndugu wamekuja kukuaga, unapita Ndono watoto wanashangilia. Yeyote kati yetu atafika Kaliua. Swali ni kesho yake, unaamka mapaja mazito kama magogo, makalio yanawaka, na mbele yako kuna pori la miombo lenye maduka ya kuhesabu. Hapo ndipo kundi linapovunjika vipande vitatu na waliobaki nyuma wanaanza kulaumiana.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: tujipime kwa siku ya pili. Mazoezi, chakula, vipuri, mwendo wa kundi, vyote tuvipange tukiwaza Kaliua–Nguruka. Mtu anayejisifu kupiga kilomita 120 Jumapili halafu Jumatatu yuko kitandani na Diclopar (dawa ya maumivu), bado hajawa tayari.

Ninachopendekeza kwa mazoezi: badala ya safari moja ndefu ya wikiendi, tufanye mbili zinazofuatana. Jumamosi Tabora hadi Urambo, kilomita 90 na kitu, tunalala, Jumapili tunarudi. Kabla ya kufika huko tunaanza na fupi, kila wiki tunaongeza kidogo, na kila baada ya wiki tatu tunapunguza ili mwili ushike. Ukiweza kuamka Urambo Jumapili, ukapanda baiskeli bila kununa na ukafika Tabora ukiwa bado unaongea vizuri na watu, umeiva.

Kuna mengine nitayaongeza. Karibuni wenye uzoefu, hasa watu wa Kigoma.

---

Mnyanyembe

Mkuu hapo umenena. Nyongeza kwa wasiojua: Stanley alitoka Kwihara hapo jirani Septemba 1871 kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, na akalazimika kuzunguka mbali kusini kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa amefunga njia. Alifika Novemba. Nyie mnapita Urambo kwenyewe, jina la Mirambo limo humo humo, na mnatumia siku nne. Mkifika Urambo mpigieni saluti.

Swali langu ni la saa. Mnatoka saa ngapi? Maana wa Dar wamenizoesha kusikia "tunatoka saa kumi na moja".

---

Pedeli_Moja

Huku saa kumi na moja ni usiku wa manane mkuu. Sisi tuko magharibi lakini tunatumia saa zile zile za Dar. Julai jua linachomoza Tabora karibu saa 1 asubuhi, na Kigoma linachelewa zaidi. Ukitoka saa kumi na moja unaendesha saa moja na nusu gizani, na malori ya tumbaku yanatembea. Sisi tunaondoka saa 12:30, mwanga umeanza, taa nyekundu nyuma zinawaka hadi jua litoke kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliwazi. Tunaelekea magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni, dereva anayetufuata anatuona vizuri. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaanza kushuka usoni kwetu, na usoni kwa huyo dereva aliye nyuma yetu pia. Likishuka zaidi yeye haoni kitu, anaona mng'ao tu. Ndiyo maana nasema saa tisa kundi liwe limefika au limekaa chini ya mwembe. Kwa mwendo wa 18 kwa saa, kilomita 125 ni saa saba za kukanyaga, weka na mapumziko, hesabu inatosha ila haina nafasi ya mtu kupiga soga Usoke.

Faida nyingine ya kwenda magharibi kiangazi ni upepo. Mara nyingi unatoka mashariki na kusini mashariki, unatusukuma. Ndiyo sababu tunaenda kwa baiskeli na kurudi kwa treni.

---

Fundi_wa_Spoku

Mimi nizungumzie vyombo, maana naona mnaongea miguu tu.

Nimeangalia baiskeli za klabu hii. Kuna makundi matatu: Phoenix na ndugu zake za namba 28, mauntini za mtumba namba 26, na hizi za mbio tairi nyembamba ambazo vijana wanazipenda siku hizi. Nyembamba ndizo zitakazowatesa. Tyubu ya 28 na ya 26 utaipata hata kwenye kibanda kinachouza chumvi na betri. Tyubu ya baiskeli ya mbio ukiiacha Tabora umeiacha. Na ile valvu yake nyembamba, pampu ya kijijini haiingii. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya aina hiyo abebe tyubu zake zisizopungua tatu, na kile kiunganishi kidogo cha shaba cha kugeuza valvu, akifunge kwenye ufunguo wa nyumba yake asikisahau.

Mnyororo: msibadilishe wiki ya safari. Mnyororo mpya juu ya frihwili (meno ya gurudumu la nyuma) iliyolika unaruka meno, na unaruka pale pale unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Badilisheni vyote viwili pamoja, mapema, mtembelee navyo mazoezini.

Spoku: geuza baiskeli, miguu juu. Shika njiti ya kiberiti karibu na rimu, iegemeze kwenye foku, zungusha gurudumu polepole. Pale njiti inapoguswa ndipo rimu imepinda. Halafu pita spoku moja moja kwa kidole, uzigonge. Zote zinatoa sauti ya kukaza, ting, ting, ting, ukifika kwenye iliyolegea inatoa "dup". Hiyo ndiyo itakayokatika Chagu, kati ya Kaliua na Nguruka, jua la saa sita. Ikikatika moja usiseme "zipo nyingine", gurudumu la nyuma lenye mzigo linakula na jirani zake. Leteni kwangu au kwa fundi yeyote mwenye ufunguo wa spoku na subira.

Na mtu asiende na breki za fimbo zisizoshika. Tabora ni tambarare mmezoea kuzembea. Mkiikaribia Kigoma kuna vilima, na mjini kwenyewe mnateremka kwenda ziwani.

---

Asali_Mbichi

Naomba kuuliza wakuu, mimi nina Phoenix ya marehemu baba, haina gia. Nimeambiwa niiache nikodi ya gia. Kweli haifai?

---

Fundi_wa_Spoku

Inafaa dada yangu. Ni nzito, kilo 20 hivi, lakini gurudumu lake kubwa linameza mashimo na haina kitu cha kuharibika kisichotengenezeka. Badili tairi ikiwa ina nyufa pembeni, paka grisi kwenye beringi za ekseli na za pedeli, kaza koteri (pini zinazoshikilia mikono ya pedeli). Mlima ukikushinda shuka usukume, hakuna aliyekufa kwa kusukuma.

---

Pedeli_Moja

Na wewe ndiye tutakayekwenda kwa mwendo wako, Asali. Hili nilitaka kulifungulia ukurasa wake.

Kundi linakwenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Si wa katikati, wa mwisho. Najua vijana wa mbio watapinga. Lakini fikirieni: wenye nguvu wakitangulia kilomita kumi, wakasubiri nusu saa kivulini, misuli yao inapoa, na yule wa nyuma akifika wao wanasema "haya twende", hapumziki hata dakika. Siku ya kwanza anavumilia. Siku ya pili anaachia ngazi.

Utaratibu tuliokubaliana mazoezini: mmoja mbele anayejua kushika mwendo, mmoja wa kufunga mkia mwenye pampu na simu iliyojaa chaji, na hao wawili hawapitwi wala hawaachwi. Wenye nguvu kazi yao ni kukaa mbele na kukata upepo, wanapokezana kila baada ya dakika kumi hivi. Aliyechoka anakaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, karibu lakini asiligusanishe. Ukikaa vizuri nyuma ya mtu, hasa upepo ukigeuka, unaokoa nguvu nyingi kuliko gia yoyote utakayonunua. Ila usishike breki ghafla, na ukiona shimo piga kelele "shimo!" na uonyeshe kwa mkono, maana wa nyuma yako anaona mgongo wako tu.

Tunapanga mstari mmoja, kushoto. Wawili wawili mnapiga soga ni Ng'ambo jioni, siyo barabara kuu.

---

Kijana_wa_Gia21

Sasa mkuu mimi nitafanya nini mwendo wa 15? Nitalala juu ya baiskeli.

---

Pedeli_Moja

Utabeba maji ya Asali.

---

Nesi_wa_Zamu

Nacheka hadi wagonjwa wananishangaa. Haya, kwa kuwa mmetaja maji.

Kipande cha Kaliua–Nguruka kila mtu aanze na lita nne, na guta la msaada (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) libebe madumu mengine. Lakini maji matupu peke yake siku nzima ni hatari, watu hawalijui hili. Unatoka jasho, chumvi inaondoka, wewe unajaza maji tu, chumvi ya damuni inazidi kupungua. Mtu anaanza kichwa kuuma, kichefuchefu, anachanganyikiwa, ndugu wanasema ana njaa au amepigwa jua, wanazidi kumnywesha maji. Kunyweni kwa kiu, na kila chupa ya pili iwe na ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini). Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi mkidhani ndiyo dawa zaidi.

Kula msingoje njaa. Kila baada ya dakika 45 tia kitu mdomoni. Na hapa nyie mmebarikiwa, acheni kuhangaika na biskuti za bei: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) na karanga. Michembe ni wanga mtupu, nyepesi, haiozi, inakaa mfukoni. Karanga zinashika tumbo. Ndizi mbivu mkizikuta. Asali kijiko kimoja kwenye maji ya ndimu kama mnaona mtu anaishiwa. Michembe ya kuchemsha iwekeni asubuhi kwenye maziwa au uji wa karanga kabla hamjatoka.

Makalio sasa, maana wanaume wanaona aibu kuuliza. Msivae chupi za pamba zenye mishono mikubwa, inaloana jasho, inakwangua. Bukta ya kubana, paka mafuta mazito ya mgando sehemu zinazosuguana kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka. Ukifika oga, kausha, vaa kitu kipana. Na siti ipime: kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Nusu ya magoti yanayokuja kwetu ni ya siti iliyowekwa chini mno.

---

Muha_wa_Ujiji

Mwakeye ndugu zangu wa Tabora. Karibuni sana Kigoma, migebuka inawasubiri, na mawese yapo.

Nimesoma uzi wote sijaona mtu ametaja mbung'o. Mnapita pori lile bila kuwataja? Mbung'o hamumkimbii kwa baiskeli, anawafikia, na anapenda kitu kikubwa kinachotembea. Anauma juu ya shati. Na nimeona picha ya jezi zenu mpya. BLUU. Wakuu, mitego ya mbung'o inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa makusudi, kwa sababu rangi hizo zinamvuta. Mnataka kupita porini mkiwa mitego inayotembea?

Dawa ya mbu ya kupaka haimsumbui sana. Shati la mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, rangi nyepesi. Na mtu akipata homa wiki chache baadaye amwambie daktari alipita huko, wasiishie kupima malaria tu. Malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o, bado yapo vitabuni kwa sababu.

Jingine, mkifika Malagarasi pigeni picha darajani, Daraja la Kikwete zuri sana, lakini kijana yeyote asijitie kuoga mtoni. Mto una mamba. Ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2000, ndege mtawaona wa kila aina, hiyo inatosha.

---

Mnyanyembe

Jezi za bluu! Nani alichagua?

---

Kijana_wa_Gia21

Mimi. Zilipendeza.

---

Nesi_wa_Zamu

Muha yuko sahihi kabisa kuhusu rangi. Tatizo ni kwamba kaki inayokwepa mbung'o haionekani na dereva wa lori. Njano naona inasaidia pande zote, dereva anaiona na haimo kwenye bluu na nyeusi.

---

Asali_Mbichi

Jamani na milima tunafanyia wapi mazoezi? Tabora hakuna mlima wa maana.

---

Muha_wa_Ujiji

Kuanzia Uvinza kuja huku ni panda shuka. Tambarare yenu imewadekeza.

---

Pedeli_Moja

Asali, tunafanya hivi: keria inafungwa gunia la mahindi kilo 25, tunaendesha kwenda mashariki, upepo wa mbele, gia ile ile. Mapaja hayajui kama ni mlima au gunia. Kidogo kidogo, anza na nusu gunia, na simama unapoona goti linauma kwa mbele. Kwa upande wa siku yenyewe, milima ipo siku ya nne, mwili utakuwa umeshaelewa kazi, na mizigo mingi itakuwa kwenye guta.

Guta tumekodi la mwanachama, tunachangia mafuta. Linatangulia kilomita ishirini, linasubiri, linatangulia tena. Halitembei nyuma yetu kama msafara wa harusi, linaziba barabara na dereva anasinzia kwa mwendo ule.

Treni: nimeshauliza stesheni, baiskeli inapimwa na kulipiwa kama mzigo, inafungwa kadi yenye jina. Kila mtu aandike na jina lake kwenye fremu kwa rangi, Phoenix nyeusi zote zinafanana. Tunafika Kigoma na siku ya akiba kabla ya treni kuondoka, endapo kitu kitakwama njiani.

Safari ya kujipima ya Urambo na kurudi ni wikiendi ya mwisho ya Juni. Asiyekuja hiyo hatumzuii kuja, ila ataendesha hadi Kaliua na kutusubiri hapo tukirudi na treni. Hili tumelipigia kura na limepita.

---

Kijana_wa_Gia21

Nakuja Urambo. Ila jezi tunafanyaje? Nimeshalipa arbuni.

---

Pedeli_Moja

Mhazini kaongea na fundi cherehani, arbuni hairudi na kitambaa kimeshakatwa. Kwa hiyo bluu tunavaa kuagwa hapa mjini hadi Ndono, zinaingia kwenye guta, tunavaa mashati ya njano ya mtumba ambayo kila mtu anajitafutia mnadani.

---

Muha_wa_Ujiji

Mkifika Kidahwe, karibu na Kigoma, zitoeni tena, nitakuja kuwapokea na kamera.

---

Asali_Mbichi

Mwenye shati la njano saizi kubwa aniwekee. Na gunia la mahindi nimeshapata, nusu.